Mwaka Nilioipelekea Ofisi ya Kodi Mfuko wa Mawe

Siku ya msiba wa Masanja, nyumbani kwa binti yake kule Kambarage, nilikaa kwenye mkeka na wanawake wenzangu nikinywa chai ya rangi iliyozidi tangawizi. Nyuma yetu, kwenye viti vya plastiki, walikaa vijana, na mmoja wao alikuwa anawapa wenzake habari zangu bila kujua kwamba mwenye habari yuko hapo mbele na masikio yake bado mazima. "Huyu mzee alikuwa na duara lake kule machimboni," anasema, "na mama aliyekuwa anampikia alimpasua afisa wa kodi kichwa kwa jiwe. Akatoroka. Mpaka leo hajalipa hata senti." Mwingine akasema hapana, hakumpasua, alimhonga dhahabu ili anyamaze. Wakacheka kwa kujizuia, kama watu wanavyocheka msibani. Nikageuka. "Mama huyo ni mimi," nikawaambia. "Sijampasua mtu, sijamhonga mtu, na kodi nimelipa mpaka nilipofunga biashara kwa hiari yangu." Wakasimama wote. "Shikamoo bibi!" "Marahaba. Sasa kaeni niwaeleze." Lakini kwaya ikaanza kuimba, na kwaya ile ikianza hainyamazi mpaka waimbaji wenyewe wachoke. Basi hawakusikia. Ndiyo maana naandika, kwa mkono wangu huu ulioishia darasa la tatu. Anayetaka kusimulia habari yangu asimulie hii.

Nilizaliwa wapi na nani alimuoa nani nayaacha, maana hayakunisaidia kitu mbele ya afisa wa kodi. Mwaka ninaousema sikuwa msichana. Nilikuwa na wajukuu tayari. Lakini mimi ujana wangu nauhesabu kuanzia mwaka ule, kwa sababu kabla yake kila jambo nililosema nilikuwa nimeambiwa na mtu mwingine niliseme. Ni mwaka ambao mashine za risiti zilikuwa zimeshajaa madukani mjini, na watu wa kodi wakaanza kuteremka mpaka kwetu sisi wa sufuria na mwiko. Mgahawa wangu ulikuwa machimboni, mwendo mfupi wa pikipiki kutoka Kharumwa. Nguzo za miti, juu turubai la bluu lililofifia, kuta za viroba vya unga vilivyoshonwa kwa kamba. Mbele mabenchi mawili na meza moja iliyokuwa mlango wa nyumba ya mtu, bado ina kitasa. Nyuma jiko, na nyuma ya jiko chumba changu, kitanda na sanduku la bati, moshi ukiingia bila kubisha hodi. Dagaa nao wana adabu mbaya, ukilala nao chumba kimoja unaamka unanuka ziwa zima. Nililala nao.

Ukuta wa kiroba hauzuii neno. Nikiwa napepeta mchele nilikuwa nasikia wachimbaji wakigawana mali ambayo bado iko chini ya ardhi. Huyu atanunua ng'ombe, yule ataezeka bati la rangi, mwingine ataoa wawili kwa mpigo. "Wawili utawaweka wapi, na wewe unalala kwa shemeji?" "Nitamhamisha shemeji!" Nilikuwa nacheka peke yangu humo ndani. Niliwapenda, na siwezi kuandika habari hii kama kwamba walikuwa maadui. Hawakuwa.

Sasa nieleze biashara yenyewe, maana bila hiyo hamtaelewa kitu. Mimi sikuuza sahani kwa pesa, au niseme pesa ilikuwa ya wapita njia. Kazi yangu kubwa ilikuwa kulisha duara. Duara ni shimo la kuchimbia, na duara nililolisha lilikuwa la Masanja, sisi tukimwita Baba Limi kwa jina la binti yake. Nilimpikia yeye na vijana wake kila siku, wapate wasipate. Shimo likifika kwenye jiwe lenye dhahabu tunasema limetema. Likitema, mawe yanagawanywa kwa mifuko. Mwenye shimo ana yake, wachimbaji wana yao, na mpishi ana yake. Mfuko wangu naupeleka kusagwa, na hapo ndipo najua kama nililisha watu au nililisha upepo. Kuna mfuko ulinijengea chumba na sebule Ngokolo, mashemeji wakaingia humo. Kuna mifuko mingine ilinipa vumbi la kusugulia sufuria.

Na kuna mwiko. Machimboni hutaji ukosefu. Neno "hakuna" halisemwi karibu na shimo, wala "tumekosa", wala "imeisha". Mtu akipanda juu mikono mitupu ukimuuliza vipi, anakujibu, "Bado anajificha." Hata jikoni kwangu ugali ukiisha tulikuwa tunasema ugali umelala. Siku duara linapotema ndiyo mbaya zaidi, siku hiyo ukitamka neno la ukosefu umelitia gundu shimo la watu, dhahabu inahama, na hata mama yako mzazi hatakutetea. Msinicheke. Ninyi wa mjini mnao wa kwenu, mna nyumba ambazo mtu hataji maradhi mpaka daktari aje.

Basi duara la Masanja likatema. Tulikuwa tumekula mlenda na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, muda mrefu, na ghafla vijana wakapanda juu wakiimba. Masanja akaleta ng'ombe dume, akasema watu wote wa machimboni ni wageni wake. Mimi na Holo, mwenzangu wa jikoni, mwanamke mwenye mikono mepesi na mdomo mwepesi zaidi, tulipika pilau kwenye masufuria ya kuazima. Watu walijaa mpaka chini ya miti, wengine wanakula wamesimama. Katikati ya shangwe hiyo ikaingia pikipiki, akashuka kijana mwembamba, shati limechomekewa, begi begani. Akanisalimia vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba baba, karibu chakula." Akaonyesha kitambulisho, akasema anaitwa Renatus, afisa wa kodi, kwao Ushirombo, anapita kuwatambua wafanyabiashara wadogo. Nilimpenda kwa sababu alivua kofia.

"Wateja wengi, mama," akasema.

Holo akawahi kujibu. "Hawa? Hawa wachache, wengine bado wako shimoni."

"Na kila siku mnapika hivi?"

Masanja alikuwa amesimama na mfupa mkononi, ananitazama. Vijana wake wote wananitazama. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mbele ya duara lililotema, siku ile ile? "Kila siku," nikasema. "Na kesho zaidi." Pakalipuka kelele. "Nyama asubuhi, nyama jioni!" kijana mmoja akapaza sauti. Mwingine, "Supu tunanawia mikono, afisa!" Renatus akacheka na sisi, akaandika, akala sahani moja, akalipa pesa yake taslimu, akashukuru. "Wabeja sana, mama." Na aliondoka na maneno yangu ndani ya begi lake.

Kuna watu wameniambia baadaye kwamba nilikuwa mjinga. Wanakosea. Kijana aliuliza swali la ofisini akapewa jibu la machimboni, na hakuna aliyemdanganya mwenzake kwa nia. Ningeulizwa tena siku ile ningejibu vile vile.

Alirudi mwezi haujaisha, safari hii bila kucheka. Akakaa kwenye benchi, akatoa karatasi ya makadirio, akanielekeza kwa kidole taratibu kama mwalimu mzuri. Kwa chakula kile alichokiona, kwa siku zote za mwaka kama nilivyosema mwenyewe, biashara yangu ilikuwa kubwa kuliko hoteli zilizo na ghorofa. Nilitakiwa kulipa kodi ya mapato ya mwaka, ninunue mashine ya risiti, na tena nisajiliwe kwenye VAT.

"VAT ndiyo nini, baba?"

"Ni kodi ya mlaji, mama. Wewe unaiongeza juu ya bei, unaikusanyia serikali, halafu unaileta. Si pesa yako."

"Mlaji wangu hana pesa. Ana jiwe."

Akanyanyua macho. "Jiwe gani?"

"Jiwe la shimoni. Wanakula, likitema nalipwa mifuko."

Akafunga begi polepole. Akasema hilo hakuliona siku ile, na karatasi imeshatoka, na kama sikubaliani nayo niende ofisini mapema nieleze, nisikae nayo ndani, maana muda wa kulalamika una mwisho wake. Ukipita, ofisi itakuja kufunga. Alisema "kufunga" kwa sauti ya chini. Na mimi nilitazama ile meza yenye kitasa, na sufuria, na kile chumba cha moshi, nikajua kwamba nikiondoka hapo ninarudi kukaa barazani kwa mashemeji, nikiomba hata chumvi.

Ushauri niliupata mwingi. Machimboni kila mtu ni wakili. "Hama, mama," wakaniambia vijana. "Kuna rashi mpya upande wa Bukombe, watu wanakimbilia dhahabu, ng'oa nguzo, kunja turubai, kesho unapika huko. Nani atakufuata?" Na ni kweli, ndivyo watu walivyofanya siku zote. Mgahawa wa machimboni una miguu. Wakiona pikipiki ya kodi tu, asubuhi unakuta majivu. Holo akaanza kufunga vijiko kwenye kanga. Nikavifungua. "Unafanya nini, bebe?" akaniuliza, yaani wewe kwa Kisukuma. "Napika," nikamwambia. Nilikuwa nimehama nikiwa binti, nikahama nikiwa mke, nikahama nilipofiwa, na kila mara kuna mtu aliyeniambia ni kwa faida yangu. Kodi sikuikataa, barabara ile ya vumbi na mimi napita. Nilichokikataa ni kulipia nyama ambayo sikuipika, na kukimbia kama mwizi kwa sababu ya chakula changu mwenyewe.

Nikamfuata Masanja. Nikamwambia, "Baba Limi, nipe mfuko wangu mmoja ambao haujasagwa, na tufuatane mjini." Alikuwa mtu mkubwa, mzito wa kusema, anajikuna kidevu kabla ya kila neno. "Mfuko wa nini?" "Wakaone mauzo yangu." Akajikuna sana. Lakini alikuja.

Tulifika ofisini mfuko ukiwa umefungwa kwa mpira nyuma ya pikipiki, Masanja akaubeba begani mpaka mapokezi. Askari wa mlangoni akasimama. "Mama, humo mna nini?" "Mauzo ya mgahawa." "Mauzo gani yanabebwa begani?" "Ndiyo hayo hayo, baba, yapishe." Mfuko ukatua kwenye vigae vyeupe, ukatoa vumbi jekundu, na watu waliokuwa kwenye foleni wakasogeza miguu. Hakuna jiwe lililorushwa. Nataka hilo lieleweke. Nilichukua moja tu, kubwa kama yai la bata, nikaliweka juu ya meza ya Renatus, taratibu, kama mtu anayeweka kikombe.

Chumba chake nakikumbuka kuliko vyumba vingi nilivyolala. Kilikuwa na feni inayolia, viti bado vina nailoni ya dukani, chupa ya chai na sahani ya maandazi iliyofunikwa gazeti. Akatukaribisha maandazi. Masanja akala mawili.

"Chukueni fungu lenu humo," nikamwambia. "Mkasage wenyewe. Mkipata, mmepata. Akijificha, mkae kimya kama mimi ninavyokaa."

"Ofisi haipokei mawe, mama."

"Basi na mimi sikupokea pesa."

"Sikiliza, mama yangu." Akavuta kiti karibu. "Ukimpa mtu chakula akakupa jiwe, umeuza. Kubadilishana ni kuuza. Hilo huwezi kulikwepa, hata mimi siwezi kukukwepesha. Kodi iko pale pale."

Nilikaa nikalifikiri. Niliona ana haki, na nikamwambia hivyo. "Sawa. Nimeuza. Ila niambie nimeuza kwa bei gani, kama mwenyewe sijui humo ndani kuna nini."

"Hilo ndilo la kuangalia. Kwa hiyo nahitaji uniambie ukweli, niuandike kama pingamizi. Siku ile uliniambia ni kila siku. Je, ni kila siku?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimefikishwa wapi. Masanja aliacha kutafuna. Duara lake lilikuwa limerudi kwenye mwamba mkavu, vijana wanachimba kwa matumaini matupu, na yeye mwenyewe amekaa pembeni yangu, mfuko wa shimo lake uko sakafuni. Kulitamka neno lile hapo ilikuwa sawa na kulitamka mdomoni mwa shimo. "Mama Shija," akasema kwa Kisukuma, sauti imeshuka, "yaya. Hapana, usiseme." Hilo ndilo jina walilokuwa wananiita, Mama Shija. "Baba Limi," nikamwambia, "nisiposema, nafungiwa." "Sema vinginevyo." "Vinginevyo nilishasema, na ndivyo vilivyonileta hapa."

Akainuka, akatoka, mlango ukabaki wazi. Nikamgeukia Renatus. Nikasema, "Andika. Siku nyingi hakuna. Siku nyingi tunakula mlenda na michembe. Siku nyingi duara limekosa, na mimi nimekosa, na nyama imeisha." Nililisema neno hilo kwa namna zote tatu, nisije nikarudishwa kulisema tena. Sauti haikutetemeka. Mpaka leo ninapokutana na mtu mwenye cheo naikumbuka sauti ile, naitafuta, naikuta.

Lakini neno la mtu mmoja halitoshi ofisini, ikabidi Renatus aje kujionea siku ya kawaida. Akaja bila taarifa. Jikoni kulikuwa na sufuria moja ya michembe na karanga, na vijana watano wamekaa kwenye benchi midomo mikavu. Akawauliza, "Jamani, hapa chakula kikoje?" Na wale watoto wa watu, Mungu awalaze na awaamshe salama, wakamjibu kwa sauti moja, "Nyama! Kila siku nyama!" Huku wanameza michembe. Holo akajipiga paji la uso. Mimi nilitamani ardhi inipokee, tena bila risiti.

Renatus akatazama sahani, akawatazama wao, akamtazama Masanja aliyekuwa amesimama kwenye jua na kofia yake ya sufu. "Mzee, na wewe unasemaje?" Akajikuna kidevu. Halafu akamshika yule afisa mkono, kama unavyomshika mgeni njiani, akampeleka nyuma ya duara, kwenye kilima cha mawe yaliyotupwa, yale ambayo hayakuwa na dhahabu. Wakasimama hapo wawili. Kilima kile kilikuwa kirefu kuliko mgahawa wangu. Renatus aliporudi alikuwa na vumbi mpaka magotini, akaomba maji, akaomba na michembe. "Nani analipia hii?" akauliza. "Duara," nikamwambia. "Kama litalipa."

Makadirio yalishuka. VAT ikaondoka, mashine ikaondoka, ikabaki kodi ya mfanyabiashara mdogo, ya kulipa kwa awamu nne za mwaka, na kitabu cha risiti cha kuandika kwa mkono. Ndiyo, iliniuma. Nililipa. Nilisimama kwenye foleni ya benki nimevaa kitenge changu kizuri, na yule binti wa dirishani aliponiuliza ni ya nini nilimjibu kwa sauti wasikie wa nyuma.

Ila asubuhi ya kesho yake baada ya kulipa hakuna aliyekuja kula. Habari ya neno nililolitamka ofisini sasa ilikuwa imewafikia. Vijana wa Masanja walipita wakielekea kwa mpishi mwingine, wengine wananisalimia "mwangaluka" wakiwa wameangalia pembeni. Na kwa balaa, mvua zikaanza, duara likajaa maji. Basi ikawa ni mdomo wangu. Mvua ilinyesha Nyang'hwale nzima, lakini duara la Masanja tu ndilo lililojazwa na mdomo wa Mama Shija. Holo alinitukana kila siku na hakuondoka hata siku moja. "Ungenyamaza tungekuwa Bukombe sasa hivi, tuna nyama." "Tungekuwa na nyama ya kukimbia nayo." "Nyama ni nyama, bebe!" Tulikuwa tunawasha moto, tunapika sufuria ndogo, tunawauzia wauza magogo na madereva. Hao hawana duara. Wanalipa pesa, nawaandikia risiti, wanaondoka. Kumbe biashara ya namna hiyo ipo, na mimi sikuwa nimewahi kuifikiria kwa sababu nilikuwa naota jiwe kama wote.

Alasiri moja Masanja akaingia. Alikuwa na matope mpaka kiunoni, wanatoa maji shimoni kwa pampu ya kukodi. Hakukaa upande wake wa zamani, alikaa mwisho wa benchi kama mpita njia.

"Mwadila, Mama Shija."

"Mwadila, Baba Limi. Karibu."

"Sikuja kuzungumza. Nipe ugali na dagaa."

Nikampa. Akala hadi akamaliza, akanawa, akaweka noti mezani. "Hii si ya duara," akasema. "Hii ni ya tumbo langu."

"Sawasawa." Nikavuta kitabu cha risiti.

Akainuka. "Hiyo karatasi sitaki. Unajua mwenyewe kwa nini. Siwezi kurudi kwa vijana na karatasi ya kodi mwilini."

"Kaa, Baba Limi."

"Mama Shija."

"Umekula kwangu. Anayekula kwangu anaondoka na risiti, awe dereva, awe wewe. Hutaki, kesho ukale kwingine."

Ng'ambo ya njia, kwa yule mpishi mwingine, vijana wake walikuwa wameacha kula, wanatutazama. Holo alikuwa amesimama na mwiko unadondosha mchuzi. Mkono wangu si mwepesi, herufi zangu zinatembea kwa magongo. Niliandika ugali. Niliandika dagaa. Niliandika jina lake, la kwake, la duara sikuligusa. Yeye alisimama pale na matope yanakauka miguuni, na hakuondoka. Nikachana karatasi nikamnyooshea. Akaitazama. Akavua kofia yake ya sufu, akaiweka karatasi ndani, akaivaa kofia, akaivuta mpaka kwenye nyusi. Kisha akapita katikati ya vijana wake, akashika kamba, akashuka na risiti yake shimoni.